Dishi la Futi Sita

"Ishakuja?"

"Bado, babu!"

"Na sasa?"

"Ilikuja, ishaondoka!"

Mazungumzo hayo yalirudiwa mno kwenye nyumba moja ya Ng'ambo, Unguja, hata muuza urojo wa barazani akawa anajibu yeye. Juu ya paa alikuwa seremala mstaafu, amelikumbatia dishi la futi sita. Dirishani alisimama mjukuu, mpeleka habari. Mbele ya televisheni alikaa bibi, aliyepewa kazi ya kusoma asilimia za mawimbi ilhali masikio yake yapo jikoni kwenye mchuzi.

Mzee alitaka idhaa za Oman, kwa kuwa nusu ya ukoo wake upo Muscat. Setilaiti aliyoiwinda iko kilomita 35,786 juu ya ikweta, digrii 26 Mashariki, lakini mawimbi yake makali yameelekezwa Uarabuni na Afrika Kaskazini. Unguja hudondokewa na makombo. Binamu zake kule hutumia dishi la kimo cha sinia na kulisahau; yeye alihitaji beseni la kuogea watoto wawili.

Tena king'amuzi nacho huchukua sekunde kadhaa kukamata picha, na mzee hakuumbiwa kusubiri. Kwa dishi la ukubwa ule, kukosea digrii moja ni kukosa kila kitu. Kila "ishakuja" ilipomfikia paani, alikuwa keshasukuma mbele.

Zamani, lazima tukiri, mambo yalikuwa na huruma. Televisheni ya Zanzibar ilianza 1973, Bara ikakaa bila kituo chake hadi 1994, na baadhi ya watu wa Dar es Salaam waliinua antena kwenye milingoti mirefu wakaitazama Zanzibar kwa chenga. Chenga zilikuwa picha, alimradi mtu alimtambua msomaji wa habari. Dijitali haijui chenga: ama picha safi, ama vipandevipande vinavyoganda mdomo wa mtangazaji ukiwa wazi, kisha kiza.

Halafu masika yakaingia. Karibu na ikweta dishi hutazama juu mno. La mzee lilikuwa limeinuliwa digrii 73 hivi, kwa hiyo likajaa maji na majani ya mwembe. Kunguru wakaligeuza hodhi. Mzee akatoboa tundu katikati. Jani la kwanza likaliziba.

Kilichomshinda kabisa ni jua. Kila mwaka, mnamo Machi na Septemba, jua hupita nyuma ya setilaiti kama mtu atazamavyo kutoka hapa, na kelele zake za redio huyameza mawimbi kwa dakika chache, siku chache mfululizo. Kwa setilaiti ile hutokea yapata saa saba na nusu mchana. Mzee hakulijua hilo. Picha ilipokatika, kukiwa hakuna wingu wala upepo, akamwita fundi. Fundi akapanda, akaigusa nati moja, picha ikarudi. Akalipwa.

Kesho yake ikapotea tena. Fundi akaigusa nati ileile, akalipwa tena. Bibi akamsifu kwa mkono mwepesi.

Siku ya tatu hakungoja kuitwa. Saa saba na robo alikuwa keshafika barazani, anakunywa urojo.