Usiyempenda Kaja

Mtumishi wa serikali akikaribia miaka 60 huitwa semina. Anapewa soda, kalamu na daftari, kisha kijana ambaye kustaafu kwake bado kuko mbali anamfundisha namna ya kuishi bila kazi. Afuge kuku wa mayai. Asijenge gorofa. Asioe mke wa pili. Asimwambie mtu kiasi cha kiinua mgongo alichopata, hata shemeji, na hasa shemeji. Yote hayo niliyaandika. Kuhusu Wajerumani hatukuambiwa lolote.

Kwetu ni Natta, wilaya ya Serengeti, na njia ya magari yatokayo Bunda kwenda lango la Ikoma inapita hapa. Lango hilo ni la hifadhi, hivyo watalii tumewazoea tangu utoto. Wengi hupita vumbi lao likiwafuata na hatuwaoni tena. Lakini kuna kabila moja la wazungu ambalo halina haraka: wazee wa mvi, mume na mke, ndani ya lori ambalo huko kwao lilikuwa la jeshi au la zimamoto, sasa limegeuzwa nyumba. Ndani kuna kitanda, jiko, tangi la maji na choo, juu ya paa kuna sola, na ubavuni wamechora ramani ya Afrika. Hao husimama. Wananunua nyanya, wanapiga soga na wauza mahindi, wanauliza kisima kiko wapi.

Mume wangu, mzee aliyetumia ujana wake wote kuendesha magari ya serikali akiwapeleka wakubwa kwenye vikao, aliwasaidia Wajerumani wawili wa namna hiyo kubadilisha tairi. Wakamkaribisha kahawa ndani ya lori. Alichelewa kurudi, na aliporudi alikuwa mtu mwingine. Aliketi akaitazama nyumba yetu ya matofali ya kuchoma, bati la migongo midogo na sebule yenye vitambaa nilivyofuma mwenyewe, akasema kwa masikitiko: “Hii haiendi popote.”

Nikaelezwa habari za dunia. Kumbe Ulaya na Marekani mstaafu hakai kusubiri wajukuu wamletee malaria. Kibaridi kikianza anawasha gari anateremka kusini kulifuata jua. Wajerumani wanakwenda Hispania, wengine wanavuka bahari mpaka Morocco. Wakanada wanajaa Florida. Huko Arizona kuna mji mdogo wa jangwani, Quartzsite, ambao kila msimu wa baridi hufurika magari-nyumba, na joto likirudi wenyeji wanabaki wao kwa wao.

“Msimu wa baridi, kusini,” mzee alihitimisha. “Basi. Juni tunaondoka.”

Nimefundisha Jiografia kwa miaka mingi, na wanafunzi wangu wengi walifaulu. Nilimweleza taratibu kwamba Natta iko nyuzi kama mbili tu chini ya Ikweta. Baridi yetu ya Juni inahitaji sweta na inakwisha saa tatu asubuhi. Nikamweleza kwamba wenzetu wanaokimbilia kusini wanatokea upande wa juu wa dunia, ambako theluji huanguka Desemba. Nikamkumbusha kwamba ukiteremka kusini mwa nchi hii mwezi wa sita hukuti jua, unakuta Njombe.

“Mwalimu,” alisema, “wale wameizunguka dunia nzima.”

Huniita Mwalimu pale tu asipotaka kufundishwa.

Sisi wa umri huu kuhama tunakujua. Miaka ya 1970, wakati wa Operesheni Vijiji, watu wa wilaya hii waliagizwa waache maboma yao wakakae kwenye vijiji vya ujamaa, na wapo walioshuhudia paa likichomwa moto ili wasijaribu kurudi. Mama yangu alihama na sufuria kichwani na mbuzi mkononi. Angekuwa hai leo ningepata tabu kumweleza kwamba mkwewe ameamua kulihamisha jiko kwa raha zake, tena kwa mafao.

Lori la zimamoto hatukulipata. Tulipata Hiace, kipanya kilichochoka kwenye ruti za Mwanza. Fundi wa Mugumu aling'oa viti vyote vya nyuma akaweka kitanda cha mninga, kabati, mtungi mdogo wa gesi na pipa la maji. Choo kilikuwa ndoo yenye mfuniko. Hilo tusilikalie sana. Kitu kimoja tu kilimshinda fundi. Kwenye kioo cha nyuma mwenye gari wa kwanza alikuwa amebandika kwa herufi kubwa nyekundu: USIYEMPENDA KAJA. Alikwangua kwa kisu, akamwaga petroli, akajaribu maji ya moto. Herufi zikazidi kung'aa. Mzee akasema tuyaache, maneno ya nyuma ya gari hayamhusu dereva.

Siku ya kuondoka, kabla hatujaiacha Natta, tulishapakia abiria. Hiace ikisimama kwetu haiulizwi inakwenda wapi, watu wanapanda. Mzee alishuka kuagana na mtu, na alipogeuka bibi mmoja alikuwa ameshaketi kitandani kwangu na jogoo wake, kijana ameinama mlangoni anaita “Bunda, Bunda, bado wawili!”, na mama mwenye mtoto ananiomba nisogeze mto. Nilimwambia bibi kwamba hii ni nyumba. Akatazama juu, akatazama chini, akaniuliza kwa upole: “Sasa mjukuu wangu, nyumba ikienda Bunda mimi nibaki kwa nini?” Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Tulimfikisha Bunda. Jogoo alitaga uchafu kwenye shuka la harusi.

Kusini mwa Bunda, upande wa lango la Ndabaka, mzee alisimamisha gari mwenyewe. Nyumbu walikuwa wamefika kwenye mbuga zile, weusi mpaka upeo wa macho. Kila mtoto wa Natta anaujua mzunguko wao. Mvua za vuli zikianza huteremka kusini, kwenye majani mafupi ya Ndutu, ambako udongo umelishwa majivu ya volkano na una madini ya kutengeneza maziwa. Huko huzaa, wengi wao mwezi wa pili. Mvua zikikatika na nyasi zikikauka, hugeuza. Kwa hiyo Juni ile nyumbu zaidi ya milioni moja walikuwa wanatoka kusini, na Hiace moja ilikuwa inakwenda. Nilimwonyesha mzee bila kusema neno. Akasema nyumbu ni wanyama wasio na akili, wanajulikana.

Askari wa usalama barabarani alitusimamisha baada ya kuupanda mlima Sekenke. Kijana mwenye adabu: kwanza shikamoo mzee, shikamoo mama, ndipo leseni. Akafungua mlango wa ubavuni kuhesabu abiria, akaikuta sufuria ya maharage inachemka. Akaufunga. Akaufungua tena.

“Mzee, abiria wako wapi?”

“Sina abiria. Hii ni nyumba.”

“Kadi ya gari inasema abiria 15.”

“Hao walikuwa wa zamani.”

Askari alifikiri sana. Akauliza tunaishi wapi, mzee akajibu humuhumu. Akauliza tunakwenda wapi, mzee akajibu kusini. Akauliza kufanya nini, na mzee, badala ya kusema tunasalimia ndugu kama Mtanzania yeyote, akasema: “Kukimbia baridi.” Yule kijana akanitazama kwa huruma kama anayeniuliza ugonjwa huu umeanza lini. Alituagiza tukabadilishe kadi, akatuombea safari njema, na akanong'ona kwamba pale Singida kuna hospitali ya mkoa.

Singida ndiko alikoolewa binti yetu, na hapa lazima nieleze mambo ya mahari. Mkwe wetu ni mtu wa nyumbani, wa Mara, mpole, mchapakazi, na bado anadaiwa ng'ombe wanne. Hakuna aliyemsumbua. Ng'ombe wa mahari kwetu hawaozi. Deni linaweza kusubiri mpaka wajukuu waoe. Sisi tulikuwa tunapita kusalimia tu, na tulitaka kuwashtukiza. Mzee akaingia uani kwa kurudi nyuma, kiungwana kama alivyokuwa akiegesha gari la mkuu wa wilaya, hivyo kitu cha kwanza alichokiona mkwe kutoka barazani ni kioo cha nyuma kikimsogelea polepole na maandishi yake mekundu.

Kabla injini haijazimwa alikuwa ameanza kujieleza. Mavuno ya alizeti yalikuwa mabaya. Ada za watoto. Mwezi wa nane, baba, mwezi wa nane bila shaka. Mzee hakuelewa, akadhani anasimuliwa habari za kilimo, akajibu: “Hatuna haraka, tuna kitanda chetu.” Kwa mdaiwa hakuna kauli ya kutisha kuliko hiyo.

Desturi ikazidi kuyavuruga. Kwetu mkwe hatii mguu chumbani kwa mama mkwe wake, hata kuchungulia ni aibu. Na sisi wazazi hatulali chini ya paa la mkwe. Kwa mara ya kwanza ile Hiace ikawa na maana: tukalala uani, kwenye paa letu. Lakini kumbuka, ndani ya gari hilo chumba, sebule na jiko vyote ni kitu kimoja. Kwa hiyo kijana wa watu hakuweza kulisogelea. Mazungumzo yote ya ng'ombe aliyafanya amesimama karibu na tangi la maji, amelipa gari mgongo, akipaza sauti, na mzee akimjibu kutoka dirishani amevaa fulana. Majirani walileta vigoda. Asubuhi mtaa mzima ulijua idadi ya ng'ombe waliolipwa, waliobaki, na yule aliyekuwa na pembe moja ambaye mpaka leo shangazi zangu hawamhesabu.

Binti yangu alinisindikiza mlangoni mwa gari akanikumbatia. “Mama,” akasema, “mwakani njooni na basi.”

Dodoma tulipita, Mtera tukanunua samaki, Iringa nikavaa soksi. Mafinga nikavaa sweta juu ya sweta. Mzee aliendesha amefunga kitenge changu kichwani, akisisitiza kwamba jua liko mbele kidogo. Tulipofika Njombe watu walikuwa na makoti marefu na kofia za sufu, wanauza viazi na parachichi huku moshi unawatoka mdomoni. Mtu mwingine angegeuza hapo. Lakini mzee alikuwa amesikia habari za Kitulo, ile hifadhi iliyotangazwa mwaka 2005 kwa ajili ya maua yake, ambayo watu huiita Bustani ya Mungu. Tukapanda Makete.

Maua ya Kitulo, pamoja na okidi zake mashuhuri, huchanua wakati wa mvua, kuanzia Novemba mwishoni mpaka Aprili. Sisi tulikuta nyasi na upepo.

Usiku ule tulilala tumevaa kila tulichokuja nacho. Mzee alitaka kuingiza jiko la mkaa ndani tufunge madirisha. Hilo nililikataa kwa sauti ya darasani, maana moshi wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa huua watu kimyakimya kila msimu wa baridi, na sikuzunguka nusu ya nchi nikafie kwenye Hiace. Alfajiri akatoka kuwasha gari, nikamsikia anagombana na mtu asiyekuwapo. Kioo cha mbele kilikuwa cheupe. Aliapa kwamba wahuni wametumwagia chumvi. Alionja kwa ulimi. Kijana mmoja aliyepita na ndoo ya viazi akamwambia kwa heshima: “Baba, ni barafu. Ngojeni jua.” Lile jua tulilolifuata tangu Natta lilifika karibu saa tatu, likakaa kidogo, likaondoka na ukungu.

Tuliteremka mpaka Makambako, pale njia ya Mbeya inapoachana na ya Songea, na hapo fedha ya mafuta ikaisha. Asubuhi niliwasha jiko kando ya gari nichemshe chai yetu wawili. Utingo wa lori akasimama na kikombe chake: “Mama, chai bei gani? Chapati ipo?” Nilitaka kumweleza kwamba mimi ni mwalimu mstaafu wa daraja la juu, niko mapumzikoni. Nikamtazama alivyokuwa akitetemeka. Nikamwambia chapati zinakuja. Kufikia saa mbili kulikuwa na foleni, mzee anaosha vikombe, na mteja mmoja anasoma kioo cha nyuma kwa sauti huku wenzake wakicheka.

Chai ililipia chakula, lakini haikutosha mafuta ya kufika nyumbani. Siku hiyohiyo simu ya mzee ikalia: ujumbe wa fedha kutoka kwa mkwe. Ng'ombe mmoja, kwa bei ya mnada, na maneno haya: “Baba, nimesikia mnarudi kupitia Singida. Msisumbuke kusimama.”

Ng'ombe mmoja wa Mara, nawaarifu wastaafu watarajiwa, hutoa dizeli ya kutosha kutoka Makambako mpaka Bunda. Bunda tulisimama stendi, mzee akafungua mlango wa ubavuni, akajikohoza, na kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia katika ndoa yetu yote akaanza kuita: “Natta, Natta, Natta! Kitandani bado wanne!”