Mzigo wa Mwenye Wapagazi

Kuna watu wanaokusanya stempu, na wake zao hulala usingizi mnono. Stempu haimwagi mafuta ya taa, haina bawaba ya kubana kidole cha mtoto, na haimlazimishi mtu ajieleze mbele ya askari. Mimi sikujaliwa stempu. Nilijaliwa vyombo vya safari vya watu wa zamani: masanduku yaliyojaa vichupa na brashi, majiko ya pampu yanayoingia ndani ya kopo, vikombe vya kukunja, vidau vya wino ambavyo eti havimwagi, gramafoni zenye mpini wa kubebea. Kila kimoja kilitengenezwa ili msafiri asisumbuke. Sijapata kusafiri na hata kimoja nikaacha kusumbuka.

Baadhi nimevipata madukani Mji Mkongwe, Unguja, ambako bei hupangwa kwa kumtazama mtalii. Vingi vimetoka kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Kijana mmoja wa Ilala amekwisha kunijua, na akipata kitu hunipigia simu: “Mzee, kuna kitu chako hapa. Sijui ni nini, ila hakina kazi.” Hajakosea bado.

Fahari ya nyumba ni sanduku la mapambo la bwana wa Kiingereza. Mbao nyeusi zinazong'aa, pembe za shaba, na ndani mahameli ambayo zamani ilikuwa ya zambarau. Kila kitu kina shimo lake: wembe wa kukunja, brashi ya ndevu, vichupa vya kioo vyenye vifuniko vya rangi ya fedha, mkasi, kizibuo cha mvinyo, na kikulabu chembamba cha kuvutia vifungo vya buti. Kichupa kimoja ukikifungua bado kinatoa harufu, nusu marashi, nusu mende. Ukibonyeza pini ya shaba iliyojificha pembeni, droo ya siri inachomoka chini kwa kishindo na kukupiga tumboni. Na zito! Likiwa halina kitu ndani, mzani wake ni wa mtungi mdogo wa gesi uliojaa. Kuna mtu aliliita hili chombo cha safari, na hakuwa anatania.

Ugonjwa huu wa kutotengana na sanduku haukuanza kwangu. Mwaka 1791, mapinduzi ya Ufaransa yakiwa yamepamba moto, Malkia Marie Antoinette alikuwa akipanga kutoroka Paris na jamaa zake kwa siri. Mtu anayeikimbiza roho yake hubeba roho hiyo na pengine kipande cha mkate. Malkia alitaka na sanduku lake la safari. Bibi Campan, mhudumu wake, ameeleza katika kumbukumbu zake kwamba alimsihi aachane nalo, kwa kuwa kulitanguliza nje ya nchi kungewafumbua macho wapelelezi. Wapi! Likatafutiwa njia ya kwenda Brussels kwa dada yake, kwa kisingizio cha zawadi, na mtunza nguo mmoja akang'amua. Mwezi Juni msafara ukakamatwa Varennes. Sisemi sanduku ndilo lililomponza, maana sababu zilikuwa nyingi. Nasema tu kwamba mke wangu anakijua kisa hiki, na kila ninapoingia nyumbani na kifurushi huniuliza: “Baba watoto, hili nalo linakwenda Brussels?” Sanduku moja la malkia huyo liko katika makumbusho ya Louvre hadi leo, limetulia, wala halimsumbui mtu.

Siri ya uzito wa sanduku langu niliijua niliposoma habari za Theodore Roosevelt. Alipotoka madarakani Marekani mwaka 1909, alikuja kuwinda Afrika Mashariki, akashukia Mombasa. Katika mizigo yake ilikuwamo maktaba ya safari: vitabu kama sitini, vimejalidiwa kwa ngozi ya nguruwe ili vistahimili jasho, vumbi, damu na mafuta ya bunduki, vikapangwa ndani ya kasha la alumini. Kasha na vitabu vyake havikufika ratili 60, yaani kama kilo 27, naye akaandika kwa kuridhika kwamba ulikuwa mzigo wa mpagazi mmoja. Kwake hiyo ndiyo iliyokuwa maktaba nyepesi. Akabeba na tani nne za chumvi ya kukaushia ngozi za wanyama. Siku hizi tunauliza chombo kina kilo ngapi. Wakati ule waliuliza kinataka vichwa vingapi. Natumaini hakuna aliyemnong'oneza mpagazi wa Kiislamu kutoka pwani kwamba alichojitwika ni nguruwe.

Basi fundi wa London aliyechonga sanduku langu hakuwa na sababu ya kupunguza ubao wala shaba. Mwenye sanduku angetembea mbele na fimbo yake. Shingo iliyokuwa nyuma haikuulizwa.

Tena shingo hiyo ilikwisha kufanya kazi mara moja. Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa soko kubwa la pembe za ndovu, na wapagazi Wanyamwezi walizishusha kutoka bara hadi Bagamoyo mabegani mwao. Zikapanda meli kwenda London, nyingine hadi Connecticut, Marekani, zikatoka viwandani zikiwa vitana na vibao vya piano. Kwa hiyo yawezekana kabisa pembe iliteremka pwani juu ya Mnyamwezi mmoja, ikarudi ikiwa kitana ndani ya sanduku la bwana, ikapanda bara juu ya Mnyamwezi mwingine.

Kwa mambo ya pembe mimi huwa mwangalifu. Mwaka 1989 nchi za mkataba wa CITES zilikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu, na hapa kwetu kukutwa na pembe bila kibali ni safari nyingine kabisa, ya kwenda gerezani. Muuzaji wa sanduku alinishika mkono akaniapia kwamba mpini wa ile brashi ya ndevu ni pembe tupu. Nikatoa lenzi. Pembe ya ndovu ukiikata ina mistari inayopishana. Mfupa una vitundu vidogo vyeusi, mithili ya vinyweleo. Nikaona vitundu tele. Mfupa wa ng'ombe! Sijawahi kufurahi vile kudanganywa na mtu. Nikamlipa bei ya ng'ombe, tukaagana.

Halafu nikataka kwenda nalo Unguja kwa boti. Katika bandari ambayo sitaitaja, alikuwapo binti wa ukaguzi mwenye adabu zake.

“Shikamoo baba. Hili sanduku lako?”

“Marahaba mwanangu. Langu.”

“Naomba ulifungue.”

Wembe aliutambua, akauweka kando bila neno. Mkasi ukafuata. Kizibuo akakizungusha hewani, akakiweka kando pia. Kisha akakinyanyua kile kikulabu.

“Na hiki?”

“Cha kufungia vifungo vya viatu.”

Akainama kuchungulia miguu yangu. Nilikuwa nimevaa makubazi.

Alimwita mkubwa wake. Mkubwa akanusa kichupa, akarudi nyuma hatua moja, akabonyeza kitu pembeni, na ile droo ikamfuata tumboni. Foleni nyuma yangu ilikuwa imefika mlangoni. Mama mmoja aliyekuwa na mkungu wa ndizi akapaza sauti: “Jamani, huyo mganga mpisheni aende zake, boti inatuacha!” Ikawa ndilo suluhisho. Nikapita kama mganga, na njia nzima abiria waliniachia nafasi kubwa ya kukaa kuliko niliyohitaji. Wembe ulibaki bandarini katika bahasha iliyoandikwa jina langu.

Kikombe cha kukunja kinaonekana hakina hatia. Ni pete za bati zinazopandana, ukizivuta zinakuwa kikombe, ukizibonyeza zinarudi ndani ya kijikopo cha kuingia mfukoni. Kinachozishikilia zisishuke ni kubanana kwao tu, na kubanana huchoka, hasa kwa maji ya moto. Nilimweleza hayo ami yangu alipokuja kutoka Pangani, akasema yeye amekunywa chai kabla sijazaliwa. Akamiminiwa. Akakinyanyua, akakitua mezani kwa nguvu ya mtu aliyekwisha kushinda hoja. Pete zote zikashuka kwa mpigo, chai ikashuka kwenye kanzu. Ami alikitazama kile kijikopo kilichobaki mezani, akanitazama mimi, akauliza taratibu: “Mwanangu, hiki kikombe kina wenyewe?” Tangu siku hiyo anakunywa kwenye bilauri.

Jiko la pampu nalo lina heshima zake. Ni lile la Primus, la Msweden Frans Wilhelm Lindqvist, lililoanza mwaka 1892. Amundsen alikuwa nalo katika safari ya Ncha ya Kusini mwaka 1911, na Hillary na Tenzing walikuwa nalo Everest mwaka 1953. Sisi tulikwenda nalo ufukweni siku ya Idi. Jiko hili halina utambi. Unatia spiriti kwenye kisahani, unaiwasha, unangoja bomba lipate moto ili mafuta ya taa yapande yakiwa mvuke, ndipo unapiga pampu. Kungoja ndiyo kazi yenyewe. Shemeji yangu ni mhandisi, na wahandisi hawangoji. Alipiga pampu bomba likiwa baridi, mafuta yakapanda yakiwa mafuta. Katika picha zote za Idi ile shemeji hana nyusi.

Gramafoni niliwahi kuwapigia wazee wa mtaa. Siti binti Saad alirekodi santuri zake Bombay kuanzia mwaka 1928, na mashine kama hii ndiyo iliyoingiza sauti yake vibarazani. Wazee wakatulia, mmoja akaanza kutikisa kichwa. Katikati ya wimbo springi ikalegea, mwendo ukapungua, na sauti ya Siti ikateremka, ikateremka, mpaka ikawa ya mnadi samaki. “Masikini,” mzee mmoja akasema, “homa ya mapafu hiyo.”

Lakini nina kifaa kimoja ambacho hakijanitia aibu, wala hakikutoka London. Ni kijaluba cha shaba cha kuwekea tambuu, kimepauka kwa kushikwa, kinaenea kiganjani. Ndani kimegawanywa: popoo upande huu, katu upande ule, tumbaku pembeni, na kwenye kona chokaa iliyoganda tangu enzi za mwenyewe, nyeupe, ngumu, haitoki hata kwa msumari. Kwenye kifuniko pana sehemu iliyolika kidogo, pale dole gumba lilipokuwa likisukuma. Bibi aliyekuwa nacho alikifutika kwenye pindo la kanga akaenda nacho harusini, matangani, na ng'ambo ya bahari, na mgeni alipofika kilifunguliwa kwanza ndipo mazungumzo. Hakikuhitaji mpagazi. Nimekipitisha bandari ileile na hakuna aliyeniuliza neno, isipokuwa yule binti wa ukaguzi, aliyekigeuza geuza akasema bibi yake alikuwa na cha namna hii, wakakiuza kwa kilo.

Ndiyo maana nina ombi. Kama sandukuni kwa bibi yako kimelala kijaluba, mrashi wa shaba au kikasha ambacho hakuna tena anayejua kazi yake, usikikimbize kwa watu wa vyuma chakavu wakulipe bei ya shaba. Muulize kwanza mwenyewe, kama bado yupo, alikuwa akikitumiaje, na uandike atakachosema. Akishasema na bado mnataka kukiuza, nitafuteni. Nitalipa zaidi ya mzani. Ila kama ni sanduku la bwana wa Kiingereza, njoo nalo mwenyewe mpaka mlangoni, maana mgongo wangu umestaafu, na mke wangu ameapa kwamba la pili halivuki kizingiti.