Ughaibuni kwa Nauli ya Boda

Wapenzi wa FM za mbali huko Ulaya wana raha yao. Mtu akinasa stesheni iliyo kilomita 1,000 kutoka kwake, huiandika daftarini na wenzake humpongeza. Sisi wa Ediofe, hapa Arua, Uganda, jirani na mpaka wa Kongo, hata ugeni wenyewe tumenyimwa. Nilinasa Kongo, nikamwita mama mkwe aje asikie nchi ya kigeni. Akasikiliza kidogo. "Hao si watu wa Ariwara? Juzi tu nimenunua mawese kwao."

Jirani naye haelewi ninahangaikia nini. "Radio Pacis tunayo hapa Arua, mwaka 2007 BBC waliipa tuzo ya redio mpya bora Afrika. Wewe Juba unatafuta nini?"

Natafuta umbali, ndugu yangu. Mawimbi ya FM hunyooka kama mwanga wa tochi. Dunia ikijikunja, yanatupita juu. Lakini kiangazi, kati ya Desemba na Februari, baada ya usiku usio na mawingu, ardhi hupoa upesi na hewa ya joto hulala juu ya ile ya baridi. Hapo mawimbi hupinda, na Juba, zaidi ya kilomita 200, husikika. Ndiyo maana waya wangu wa mita moja na nusu, nusu ya wimbi la megahezi 100, nimeufunga kwenye mwembe. Na ndiyo maana mama watoto hufika pale mapema na beseni la nguo. Soksi mbichi zikishaanikwa, Sudan Kusini kwaheri.

Asubuhi moja soksi zilichelewa. Kwenye 101 ikaingia Radio Miraya, ile ya Umoja wa Mataifa iliyoanza 2006, safi kabisa. Shida ni kwamba Miraya iko kwenye 101 hiyo hiyo katika miji mingi. Hii ni ya Juba, au ni ya Yei tu, ukishaipita Koboko? Mtangazaji akataja saa: kumi na mbili kamili. Nikabana pumzi ataje na mji. Mashine ya kusaga ya mtaani ikawashwa.

Dirishani kwangu kulikuwa na msikilizaji mwingine. Jirani alikuwa anasafiri kwenda Kampala, basi la saa kumi na mbili na nusu, na simu yake haikuwa na chaji. Kiarabu cha Juba anakielewa, amekulia Koboko kwa Wanubi. Aliposikia saa, akarudi ndani kuongeza kikombe cha chai.

Baadaye akatokea na begi lake begani. "Redio yako ni mwongo!"

Nikamweleza kwamba imesema kweli, ila ya kwao: tangu Februari 2021 Sudan Kusini iko nyuma yetu kwa saa nzima.

Akashusha begi chini. "Kumbe ni mbali hivyo?"

Ediofe nzima, ndiye wa kwanza kukiri.