Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya: Kuhusu Siku za Kitandani

Mheshimiwa Waziri,

Muda wako ni mali ya umma, nami sina haki ya kukunyang'anya hata dakika tano. Niwie radhi, nitakuibia nne.

Kwanza pokea pongezi zangu. Tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ianzishwe mwaka 2015, Watanzania wengi wamepasuliwa moyo hapa hapa Dar es Salaam bila kupanda ndege ya India. Kila mashine mpya inapokatiwa utepe, sisi wadogo tunapiga makofi majumbani.

Ila, kwa ruhusa yako, utepe haumtoi mtu wodini. Mambo yakienda vizuri, aliyefunguliwa kifua hukaa chumba cha wagonjwa mahututi siku 1 au 2, na baada ya wiki moja hivi huruhusiwa. Yakienda kombo, wiki zinaongezeka. Wala si kisu peke yake kinachoamua. Mengi mgonjwa huja nayo: umri, kisukari, figo zilizochoka, upungufu wa damu, sigara, na kuchelewa.

Hapo kwenye kuchelewa naomba nisimame kidogo. Mtoto anaugua mafindofindo, anapewa maji ya chumvi asukutue, homa inapita. Ikirudi mara kwa mara, miaka baadaye valvu za moyo zimeharibika. Penisilini, dawa ya bei ya chini kabisa, ingeweza kumkinga. Akifikishwa kwa daktari wa moyo akiwa hawezi hata kulala chali kwa kukosa pumzi, bingwa wa dunia nzima hawezi kumwahidi wiki moja.

Baada ya upasuaji yako mengine. Mapigo ya moyo huweza kuvurugika, mara nyingi kati ya siku ya 2 na ya 4, nayo huongeza siku. Mapafu nayo hujaa makohozi mtu akilala tu. Inabidi aketi, avute pumzi kwa nguvu, akohoe huku amekumbatia mto kifuani, atembee mapema hata kama anatukana. Anayemsimamia ni mtaalamu wa fiziotherapia. Bila shaka Mheshimiwa unajua kuliko mimi kwamba makohozi hayaendi mapumziko ya Jumamosi na Jumapili.

Halafu kuna aliyewekewa valvu bandia ya chuma. Atameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na damu yake lazima ipimwe mara kwa mara: dozi ikizidi atavuja damu, ikipungua valvu itaziba. Kama hospitali ya kwao haina kipimo hicho, daktari gani mwenye huruma atamruhusu apande basi la Kigoma? Na huko kwao, wakati kidari kinahitaji wiki 6 hadi 12 kuunga, ndoo ya lita 20 inamngoja kisimani.

Ombi langu, Mheshimiwa, ni dogo hata naona haya kulitamka. Kabla ya mashine ijayo, tupatie penisilini katika kila zahanati, fiziotherapia siku 7 za wiki, na kipimo cha kuganda kwa damu katika kila hospitali ya mkoa. Ukiona nimevuka mipaka, nisamehe. Lakini agizo lenyewe usilicheleweshe.

Wako mtiifu kupita kiasi,
Mwananchi