Taa za Kukonyeza

Mwaka 1936 gari la Cord 810 lilificha taa zake ndani ya madigadi. Dereva akizitaka, huzungusha mpini kwenye dashibodi, kila taa na mpini wake. Mtindo huo ulizikwa 2004 pamoja na Lotus Esprit na Corvette ya wakati huo, na Corvette iliyofuata ikatoka kiwandani imekodoa macho.

Nyakato, Mwanza, hawakualikwa msibani; huko taa bado hurembwa. Fundi huchukua Toyota IST, akapasha taa moto mpaka kioo kibanduke, akapachika pete za LED, kisha akafunga kwa silikoni.

Mvua ya kwanza tu, maji yamo ndani, amebaki sangara.

Mwenye gari hajali. Anawasha full mchana kweupe, akiitafuta Igoma ya hapohapo Mwanza, ambayo haijawahi kupotea.