Kasida ya Carina Iliyotembea

Gari jipya lina watu wa kulisifu, na watu hao wanalipwa mshahara. Lina mabango, lina chumba cha vioo chenye kiyoyozi, lina kijana wa tai anayekufungulia mlango kana kwamba unaingia ikulu. Gari lililotembea halina msemaji ila dalali, na dalali ni shabiki wa kutiliwa shaka: siku ya kulinunua huliona limeoza, siku ya kuliuza huliona limeshushwa kutoka mbinguni. Basi najitolea mimi, bila kamisheni. Naisifu Toyota Carina Ti, ile inayolala chini ya mwembe kule Tabata, yenye kilomita 380,000 kwa ushahidi wa wanaoijua na 98,000 kwa ushahidi wa mita yake.

Naanza na umri wake, maana hauna ubishi. Toyota iliacha kuunda Carina mwaka 2001. Hakuna Carina kijana popote duniani, na hajazaliwa muuzaji wa kukuambia kwamba yake ni toleo la juzi. Hata hivyo Dar es Salaam hatuhesabu umri wa gari kwa mwaka wa kiwandani. Tunauhesabu kwa herufi ya namba. Kuna namba A, kuna B, kuna C, D na E, na mtu akitangaza gari husema herufi kabla hajasema rangi. Herufi hiyo gari huipata siku linaposajiliwa nchini, haijali lilizaliwa lini. Kwa hiyo Carina mbili pacha, zilizotoka kiwandani wiki moja, zinaweza kukutana Magomeni leo, moja namba A kwa sababu iliwahi meli, nyingine namba C kwa sababu ilichelewa kwao, na bei zao zikapishana vibaya sana. Pacha aliyechelewa anaheshimiwa kuliko aliyewahi. Sijui ukoo gani wa kifalme uliowahi kupanga vyeo vyake kwa raha namna hii.

Na kwa nini zilikuja? Japani gari la abiria hukaguliwa likitimiza miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na kila ukaguzi unakuja na kodi zake, bima yake na matengenezo yake. Hufika mahali mwenye gari akapiga hesabu akaona heri aliachie, hata kama halina mkwaruzo. Wao wamelimaliza, sisi ndio tunalianza.

Njiani hutokea muujiza. Mahali fulani kati ya mnada wa kule na yadi ya huku, kilomita huyeyuka. Gari la miaka 25 lenye kilomita 98,000 limetembea wastani wa kilomita 11 hivi kwa siku, umbali usiomtosha mtu wa Mbezi kwenda Ubungo na kurudi. Dalali analo jibu: “Bosi wangu, hii haina kipengele. Alikuwa anatumia mama mmoja wa Masaki, kanisani na nyumbani tu.” Kwa hesabu za madalali, Masaki ilikuwa na akina mama wengi kuliko nyumba, na wote walikaa jirani na kanisa.

Mimi simlaumu aliyeirudisha mita. Kosa ni letu tunaodhani mita inasema habari za gari, na kumbe inasema habari za dashibodi. Injini ilibadilishwa Gerezani. Gia boksi ilitoka kwenye gari lililoshindwa na mlima Kitonga. Mlango wa kushoto ni wa Carina nyingine, ndiyo maana ni wa fedha ilhali ndugu zake ni weupe. Dashibodi yenyewe, ukiitazama vizuri, skrubu zake hazifanani. Uliza hapo gari limetembea kiasi gani, utajibiwa na kila kipande kwa zamu yake, na majibu hayatalingana.

Isitoshe, kutembea sana ni aibu ya muda tu. Ugiriki palikuwa na dereva teksi, Gregorios Sachinidis, aliyeitembeza Mercedes-Benz 240D ya mwaka 1976 mpaka ikafikisha kilomita milioni 4.6, injini zikibadilishwa njiani. Mwaka 2004 kampuni ikaichukua, ikaiweka kwenye makumbusho yake, naye ikampa gari jipya. Kikongwe kimebadilishwa na kijana, bila kuongeza senti! Funzo la kibiashara liko wazi: bei ya gari hushuka, hushuka, hushuka, kisha mwenye subira akiendelea kuendesha huiona inapanda tena. Carina yetu imebakiza kilomita milioni nne na kidogo tu ifike huko.

Mpaka hapo wanaokasirika ni wale wanaotaka kujua leo ina thamani gani. Nawaelewa, na ninawashauri waende na fundi, alfajiri, injini ikiwa ya baridi. Ukifika ukakuta boneti ina vuguvugu, ujue mwenye gari ameamka mapema kuliko wewe na ana sababu. Fundi hasemi kitu. Anafungua kifuniko cha oili na kuchungulia chini yake. Akikuta utando mweupe kama uji, maji yameingia kwenye oili na gasketi ya silinda hedi ina kesi ya kujibu. Anaomba liwashwe, anahamia nyuma kwenye bomba la moshi. Moshi wa bluu, linakula oili. Moshi mweupe usiokoma hata baada ya injini kupata moto, linakunywa maji. Moshi mweusi, linakula petroli zaidi ya haki yake. Kisha anafanya jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui: anainama kutazama raba ya pedali ya breki. Mita inaweza kurudishwa kwa dakika chache, lakini ni nadra mtu akumbuke kununua raba mpya ya pedali. Ikiwa imelika mpaka chuma kinaonekana, na usukani unang'aa kwa jasho la viganja vya watu watano, basi zile 98,000 za mama wa Masaki zimekwisha hapo hapo.

Niambie ni bidhaa gani nyingine yenye ukweli huo. Gari jipya huficha ugonjwa wake kwenye kompyuta, ukitaka kuujua ulipie mashine ya kuusoma. Carina huusema kwa mdomo wake, na kwenye tuta husema kwa sauti. Bushi zikiisha zinagonga. Shokapu zikifa, gari linaendelea kuitikia tuta mita ishirini baada ya tuta. Rejeta ikitoboka, inaandika chini kwenye saruji. Mnunuzi mwenye masikio hahitaji cheti.

Tena ina huruma. Mkanda wa taimingi wa ile injini ya 5A ukikatika safarini, injini huzima tu. Valvu na pistoni zake zimepangwa zisikutane hata kwa bahati mbaya. Zipo injini za kisasa ambazo kosa hilo hilo linakula hela ya kiwanja. Hii inakuweka tu pembeni ya barabara, mzima na mnyenyekevu, ukisubiri vijana wa kijiwe cha karibu waje kusukuma. Hakuna mwenye gari jipya aliyewahi kupata marafiki kwa haraka namna hiyo.

Ukitaka kumuudhi dalali, mletee mhasibu. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 inaweka magari madogo kwenye daraja la uchakavu wa asilimia 37.5 kwa mwaka, inayokatwa kwenye thamani iliyobaki. Chukua gari la ofisi lililonunuliwa Sh12 milioni. Baada ya mwaka mmoja vitabu vinasoma Sh7.5 milioni, baada ya miwili kama Sh4.7 milioni, na likitimiza miaka 10 linasoma Sh109,000 na chenji. Bima ndogo ya gari binafsi ni Sh118,000 kwa mwaka. Yaani kwa imani ya wahasibu, kulikatia gari hilo bima ni ghali kuliko kulinunua. Na bado hesabu hiyo ukiiachia iende yenyewe haifiki sifuri hata karne ikiisha, kwa sababu kila mara unakata sehemu tu ya kilichobaki. Hakuna mtakatifu aliyeahidiwa uzima wa milele kwa maandishi mazuri kiasi hicho.

Mtaani gari hilo hilo linauzwa Sh5 milioni, Sh6 milioni. Mhasibu na dalali wanatazama chuma kimoja na kupishana mara hamsini, na hakuna anayeitwa mwongo. Mhasibu anatazama nyuma, kule fedha ilikotoka. Dalali anatazama Gerezani: hata likifa kabisa kuna mtu anahitaji ile gia boksi, mwingine taa, mwingine mlango wa fedha. Hapo ndipo sakafu ya bei ilipo, na kwa gari ambalo limeshaikanyaga sakafu kuna utulivu ambao mwenye gari jipya hataujua. Yeye anapoteza mamilioni kwa kutoka tu getini mwa yadi. Mwenye Carina akinunua kwa Sh5 milioni, akiendesha miaka miwili na kuuza kwa Sh4.5 milioni, amelipa kidogo kuliko nauli. (Hapa sijataja fedha za fundi. Kwenye kasida hazitajwi.)

Wasomi walijaribu kulielewa soko hili. Mmarekani George Akerlof aliandika makala kuhusu magari yaliyotumika. Majarida matatu yakaikataa, ikachapishwa mwaka 1970, na mwaka 2001 ikamsaidia kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka uleule Carina inaagwa kiwandani. Hoja yake ni kwamba muuzaji anaujua ubovu wa gari lake na mnunuzi haujui. Mnunuzi kwa woga anataja bei ya wastani. Mwenye gari zuri anaona anapunjwa na kuondoka sokoni. Wanabaki wenye mabovu. Hoja nzito, na kwa gari la miaka mitatu siipingi. Lakini Akerlof hakuijadili Carina. Kwenye Carina muuzaji naye hajui! Kadi bado ina jina la mmiliki wa pili, yeye ni wa sita, na historia yote ya katikati imekwenda na watu walioihamishia Morogoro na kuirudisha. Injini si aliyoikuta. Kile kinachogonga mbele kulia kimewashinda mafundi watatu, kila mmoja akabadilisha kifaa kingine. Anapokuapia kwamba kesho litawaka, anatumaini kama wewe unavyotumaini. Ujinga umegawanywa nusu kwa nusu kati ya muuzaji na mnunuzi, na sijui biashara ya haki kuliko hiyo.

Kwa hiyo bei haimo kwenye gari. Imo kwenye kalenda na nyuso za watu wawili. Desemba mwenye gari hataki kusikia chini ya Sh6.5 milioni, kwa sababu anataka kusafiri nalo kwenda Moshi. Januari, ada ya shule ikifika, gari ni lile lile, limeongeza kilomita elfu moja na mia tatu hivi na vumbi la kwao, na tangazo limeongezewa maneno “anauza kwa shida, maongezi yapo”.

Nenda basi Januari. Utamkuta mwalimu mstaafu amekaa kwenye kiti cha plastiki pembeni ya gari, amevaa shati la kupokelea wageni.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Umekuja na fundi? Vizuri. Na aangalie, mimi sifichi kitu.”

Fundi anaangalia. Gasketi, bushi za mbele, matairi mawili. Anakunong'oneza jumla, unaitoa kichwani kwenye bei.

“Mzee wangu, mimi nina nne.”

“Nne? Mwanangu, hiyo nenda katafute bajaji ya mkononi. Hili gari limepeleka watoto wangu wanne chuo.”

“Ndiyo hivyo, mzee. Limechoka.”

“Limechoka wapi? Washa.”

Linawaka kwa mara ya kwanza, na mzee anashangaa kuliko mnavyoshangaa ninyi. Mshangao ule una thamani ya laki tano, na wote mnalijua hilo. Mnakwenda, mnarudi, mnaitana, soda zinaletwa, mke wa mzee anatoka nje kusikiliza na kusema kwamba yeye kwa bei hiyo hataki. Saa kumi jioni mnashikana mikono kwa Sh5.2 milioni, gari pamoja na jeki. Spea taili ni maongezi mengine. Redio mzee anaondoka nayo. Betri, anakumbuka kusema ukiwa umeshahesabu fedha, ni ya jirani.