Kengele Mbili za Ng'ombe

Pokhara, Nepal

Shangazi, nakuandikia wewe hapo Bunda. Najua barua hii utampa mjukuu aisome kwa sauti, basi akifika kwenye habari za ukweni Butiama apunguze sauti kidogo. Maneno ya hapo uani kwako hufika Kiabakari kabla ya basi.

Tumefika salama. Mama watoto amemaliza semina yake Kathmandu, mimi kazi yangu imekuwa kubeba begi, na sasa tunatembea nchi kama watu wenye hela.

Nianze kwa kukiri. Siku ya kuondoka Musoma niliwaaga wavuvi wa Mwigobero kwa mbwembwe: naenda kwenye nchi ya Everest, mita 8,849, nikirudi mniite mpanda milima. Sasa huu mji wa Pokhara nimeambiwa uko mita 800 hivi kutoka usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita 1,134. Yaani, Shangazi, nimebadilisha ndege, nimekaa kwenye basi kutwa nzima kwa kilomita 200 za kona na makorongo, mfuko wa kutapikia mkononi, ili nije kushuka mita 300 chini ya jiko langu mwenyewe. Wavuvi wasijue.

Milima ipo lakini, tena iko hapo juu ya paa. Mmoja unaitwa Machhapuchhre, mita 6,993, unaipita Kilimanjaro kwa kilomita nzima na zaidi. Jina lake maana yake ni mkia wa samaki, na kweli kilele kimegawanyika kama mkia wa samaki. Mama watoto akasema tujaribu kuupanda. Magoti yangu yakaanza kuongea yenyewe. Bahati nzuri mwenyeji akaeleza kwamba mlima huo ni mtakatifu, wa mungu wao Shiva, na kuupanda ni marufuku. Nikasikitika kwa sauti kubwa ili wote wasikie.

Mkitaka kupiga simu, mjue saa za huku zimewatangulia kwa saa mbili na dakika 45. Kwenu ikigonga saa mbili kamili asubuhi, huku ni saa tano kasorobo. Nchi nzima inaishi kasorobo na hakuna anayelalamika.

Haya, ng'ombe. Siku ya kwanza Kathmandu tulikuta wamelala katikati ya barabara, wanacheua, pikipiki na mabasi yanawapitia pembeni kwa heshima. Hakuna fimbo, hakuna mchungaji. Wewe unajua mtu wa Mara akiona ng'ombe asiye na mwenyewe, kichwa kinaanza hesabu bila kutumwa. Mama watoto akasimama.

"Baba watoto, unawaona wangapi pale?"

"Wawili."

"Wawili kamili," akasema, akaendelea kutembea.

Shangazi, ulikuwepo kikao cha mahari. Unajua ni wawili gani.

Lakini hawa hawagusiki. Ng'ombe hapa ni mnyama wa taifa, na ukimchinja unafungwa. Jioni ile nikala momo, vidude vya unga vilivyopikwa kwa mvuke, kama sambusa iliyokosa mafuta, ndani nyama. Nimemaliza sahani ya pili ndipo nikauliza ni nyama gani. Kijana mhudumu, ambaye alikuwa ananiita dai, yaani kaka mkubwa, akaweka vidole viwili kichwani akavipinda kwa nyuma.

Nyati!

Shangazi, mtoto aliyekulia karibu na geti la Ndabaka akisikia nyati yuko kwenye sahani yake haulizi pilipili. Nilitazama mlango. Nilitazama dirisha. Nilishamwona askari wa wanyamapori akinisubiri nje na pingu. Kumbe nyati wao ni wa kufugwa, anakamuliwa maziwa, mpole kuliko yule mbuzi wako anayekula kanga. Anauzwa buchani mchana kweupe. Nyara ya serikali huku ni ng'ombe! Mwambie Baba Mdogo kwamba ipo nchi ambayo nyati wake asingempeleka mahakamani, ila ile harusi ya mwanawe ingemfunga miaka.

Chakula kingine ni wali na dengu mchana, wali na dengu usiku. Nilikuwa nimeanza kuota udaga, mpaka jana tulipopata kitu kinaitwa dhido. Ni ugali wa ulezi, Shangazi! Nikamega tonge, nikasahau kwamba niko mbali.

Mama watoto ananinyang'anya kalamu.

*Shangazi, shikamoo. Usimwamini, alitapika na kwenye ndege pia. Wewe amekununulia shali nzuri sana. Baba yangu Butiama amemnunulia kengele mbili za kuvalisha ng'ombe. Naomba umuulize, kwa vile mimi hanijibu, baba atazivalisha nini.*